Makaa Chini ya Mchanga

Rukaiya alipoona mumewe amechimba shimo moja tu la kulalia pale kwenye kisiwa cha mchanga, hasira zilimpanda upya.

Kutwa nzima walikuwa wamepiga kasia kwenye mto Rungwa bila kusemezana. Tangu wagombane, miezi miwili Rukaiya alikuwa amekaa kwao, kwa wazazi wake; amekuja tu kwa sababu mizinga ya nyuki ni yao wote wawili. Na huyu amedhani yameisha.

Mume alimwaga makaa ya moto katika lile shimo, akayafukia kwa mchanga, kama warina asali wanavyofanya wanapolala visiwani wakati wa baridi. Akatandika mkeka juu yake.

"Lala," alisema. "Mchanga umeshapata joto."

Kisha akachukua gunia tupu, akaenda kulitandika kando ya mtumbwi, kwenye mchanga mbichi.

"Huko kuna baridi," Rukaiya alisema.

"Najua."

Rukaiya aliingiza mkono chini ya mkeka. Joto lilikuwa limeenea sawasawa, na mchanga ulikuwa laini. Hata vijiwe mumewe alikuwa amevichambua.

Rukaiya aliukunja mkeka, akachukua kasia, akaanza kulipanua shimo.