Kiungo Kibovu cha Saluni

Alijibana pua kwa kibanio cha nguo, akajaribu kusema "haloo". Ikatoka sauti ya bata mwenye mafua. Akaridhika.

Mwanawe, aliyekuwa mgongoni kwenye mbeleko, alichungulia begani kama anayejiuliza leo amebebwa na nani.

Walikuwa wamejifungia bafuni. Simu aliyoishika ilikuwa ya mama mkwe. Alikuwa ameiazima kwa hila, akisingizia kwamba yake imeisha chaji, ili kule anakopiga asitambulike. Na kule anakopiga ni kwenye saluni yake mwenyewe.

Hayo yote yalitoka darasani. Mwalimu wa biashara, kwenye masomo ya jioni, alikuwa amesema kwamba duka dogo ni kama mgonjwa asiyejua kujieleza. Lipime kutoka utosini hadi unyayoni, na ukikuta kiungo kibovu, kikate kabla hakijauozesha mwili mzima. Wenzake waliandika tu. Yeye aliitikia kwa sauti, "Ndiyo, daktari," darasa zima likaangua kicheko. Alicheka nao, lakini moyoni alishajiona amevaa koti jeupe.

Na mgonjwa alikuwepo kweli. Mwenye nyumba alikuwa amepandisha kodi, na mchana kutwa viti vya saluni vilibaki kutazamana na vioo. Ilikuwa wazi kwamba saluni ile haiwezi tena kubeba watu watatu. Watatu wenyewe ni yeye, msusi mmoja aliyebandikwa jina la Redio kwa sababu hazimiki, na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kisoda.

Mmoja lazima aondoke. Lakini Redio analea wanawe peke yake, na ndiye aliyekuja siku ya kwanza kabisa, akiwa amejibebea kigoda chake. Kumwondoa wifi nako ni kuwasha moto kwenye nyumba anayolala. Usingizi ulikuwa umempaa.

Kwa hiyo alipima kwanza. Mashine za kukaushia nywele zilikuwa nzima, maji yalitoka, taulo zilinukia sabuni. Akahamia kwa wateja. Aliwafuata mpaka kwenye beseni, na kichwa kikishajaa povu aliwainamia na kuwauliza kwa upole: kwa kipimo cha moja hadi kumi, furaha yako hapa ni ngapi? Mama mmoja, shampuu imemwingia jichoni, alijibu "kumi, kumi," kama anayeomba kuokolewa. Alimshukuru sana. Hakumwona tena.

Mwingine alimfumulia mistari iliyokwisha kusukwa nusu kichwa, kwa kuwa aliona mmoja umepinda, na mwalimu alisema ubora haubembelezwi. Ili yule dada asichoke kukaa, alimsimulia somo zima la wiki ile, na mifano yake.

Jambo moja lilimtia moyo. Kila asubuhi baada ya siku ya darasa, alikuta kamba nzima imejaa taulo mbichi, na nyuma ya mlango nywele zimefagiliwa mlima. Jioni zile saluni ilifurika. Alimwambia mumewe kwamba kumbe elimu inalipa, mabango aliyoyabandika ukutani yameanza kufanya kazi. Mumewe alikohoa, akaomba chumvi.

Basi ugonjwa ulikuwa wa mchana tu. Kati ya Redio na wifi, kuna mmoja aliyekuwa anafukuza watu mchana, na mwalimu alikuwa ametaja dawa ya hilo pia: piga simu kama mteja mgeni, usikie unavyopokelewa.

Akapiga.

"Saluni hapa, karibu." Ilikuwa sauti ya Redio.

Kwa sauti yake ya bata aliomba kuja kusukwa mchana ule ule. Redio alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ikasikika minong'ono. Kisha akarudi.

"Mchana usije, dada yangu. Njoo jioni, mwenye saluni akishakwenda darasani. Akiwepo atakuuliza maswali mpaka hizo nywele ziote upya."

Machozi yalimlenga. Akakisingizia kibanio.

Angeweza kukata simu. Lakini daktari haachi kipimo katikati, basi akauliza, taratibu, kama huyo mwenye saluni mwenyewe si fundi.

"Ana moyo mzuri sana," alisema Redio.

Lilikuwa lile jibu ambalo watu hulitoa wakiulizwa kama bibi harusi ni mzuri wa sura. Aliinua macho, akajiona kwenye kioo cha bafuni: kibanio puani, mtoto mgongoni, mdomo wazi. Mtoto naye alikuwa anamtazama humo humo kiooni, akaanza kucheka. Akajikuta anacheka pia, kibata bata.

Akauliza swali la mwisho, lile lililomnyima usingizi. Je, saluni ikibaki na wasusi wawili tu, itasimama?

Upande wa pili simu ilihama mkono. Iliyofuata ilikuwa sauti ya wifi yake, ya chini na ya polepole kama siku zote.

"Itasimama, wifi. Sasa mrudishie mama simu yake, ujiandae. Usije ukachelewa darasani."