Mkuyu Ulipopukutika

Kipupwe kilipofika ziwani, Furukombe, ndege mla samaki, alihamia kwenye paa la kibanda cha wavuvi, akawa anautazama mkuyu ukipukutika. Kivuli cha mti huo ndicho kilichomficha Perege majini.

"Majani yakiisha, nawe umekwisha," alimwambia.

"Bwana mkubwa, kwani wewe umejenga wapi?" Perege akauliza.

"Kitoweo hakiulizi maswali!"

Siku nne Furukombe hakubanduka. Jani la mwisho lilipoanguka, akajirusha chini, kucha mbele. Kumbe majani yote yalikuwa yametanda juu ya maji kama mkeka, na Perege yuko chini yake.

Akainua macho autukane mti. Kwenye matawi matupu, makinda wake wawili walionekana waziwazi kiotani. Nyani naye alikuwa amewaona, tena yeye alikuwa karibu zaidi.