Nyuzi za Rukia

Siku hizo mtu aliweza kuigawa akili yake nyuzi kadhaa ndani ya kompyuta ya nyumbani, kila uzi ukafanya kazi yake. Kila uzi uliazima kumbukumbu za mwenyewe, na usipofungwa haukuzirudisha; ukikawia mno wazi, nyingine zilipotea kabisa.

Asubuhi moja Rukia, akikoroga uji, alitaka kumwita binti yake. Jina halikuja. Akaikimbilia kompyuta. Nyuzi arobaini zilikuwa bado wazi, ingawa kazi zake zilikwisha zamani.

Akazifunga mmoja mmoja, hadi jina likarudi. "Mwanahawa!"

"Abee, mama!"

Akashusha pumzi, akaufunga na uzi wa mwisho. Hapo akatoka chumbani mwanamume akifunga vifungo vya shati.

"Uji tayari, mke wangu?"

Rukia hakumjua, na hapakubaki uzi wa kufunga.