Mama Mkwe wa Mirihi

Siku hizi riwaya za kale huandikiwa mwendelezo na mashine, na chochote anachokikejeli mhakiki hufutwa humo jioni ileile. Mimi ni mhakiki, na kejeli zangu zinajulikana Tanga nzima.

Juzi niliandika hivi kuhusu mwendelezo mmoja: “Nahodha amerudi Mirihi, safari hii na mama mkwe wake, aliyewafundisha viumbe wa huko kusonga ugali. Vita vya sayari vimesimama kusubiri mboga iive.”

Jioni bibi yangu, Bi Salha, ambaye kwa utani huniita mjukuu wake mume, akaniita, kitabu mkononi.

“Mume wangu, yule mama mkwe yuko wapi? Nilikuwa naye tangu asubuhi.”

“Amefutwa, bibi. Alikuwa anaharibu vita.”

“Vita nivifanyie nini mimi?”

Sijawahi kulegeza neno langu kwa mtu. Kwa bibi nililegeza. Nikaandika uhakiki mpya wa kumsifu mama mkwe, na kesho yake akarudi kitabuni na mwiko wake. Bibi alisoma kutwa nzima akitabasamu, hadi wakati wa chai.

“Amerudi, mume wangu, nashukuru,” alisema. “Ila sasa, kabla hajasema neno, huwauliza wenzake kama wewe mhakiki upo karibu.”