Taja Mtu Wako

Askari walipofika na mashoka, kuhani Sikudhani alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha hekalu, akifuta masizi kwenye taa. Chifu alitaka hekalu libomolewe siku hiyo hiyo, mawe yake yakatumike kujenga ukuta wa mji.

"Bibi, tupishe," alisema Mkongea, kiongozi wao.

"Karibuni, wanangu. Ila kila anayeingia humu hutaja kwanza marehemu wake mmoja. Hata chifu hutaja."

"Marehemu wangu mimi ni ng'ombe!" askari mmoja alipaza sauti, na wenzake wakacheka.

Sikudhani hakukasirika. "Alikuwa na jina?"

Kicheko kikaisha. Chande, aliyesimama nyuma ya wote, akasogea mbele.

"Mashavu," alisema. "Dada yangu. Alikufa akijifungua."

Ndani, gizani, taa moja ikawaka yenyewe. Chande akaliweka shoka chini, akaingia mikono mitupu.

"Chande! Rudi hapa!" Mkongea alifoka.

Hakurudi. Mwingine akamtaja mama yake, mwingine mtoto ambaye hakufikisha arobaini. Hata yule wa ng'ombe alinong'ona jina la baba yake kabla ya kupita. Kila mmoja aliacha shoka lake mlangoni.

Mkongea akabaki nje peke yake, amelishika lake kwa mikono miwili.

"Nikimtaja, Bibi," alisema hatimaye, "atakuwa amekufa kweli."

Sikudhani alisogea pembeni ya kizingiti, akaacha nafasi ya mtu mmoja kukaa.