Abiria wa Hospitali

Pikipiki iligoma kuwaka. Nyamhanga alisafisha plagi, akailaza ubavu mafuta yashuke, akapiga kiki mpaka goti likauma. Kioo cha dashibodi kikaandika tena: Moyo wa dereva haujatulia. Sheria ni hiyo siku hizi. Moyo ukienda mbio, injini haiwaki.

Nyuma yake, mkewe Bhoke alishikwa na uchungu mwingine, akauma khanga.

"Baba Robi, tulia."

"Nitatuliaje?"

Akafumba macho, akavuta pumzi. Kisha akauliza kwa sauti yake ya kijiweni cha bodaboda, "Dada, unashukia wapi?"

Bhoke akaitema khanga. "Hospitali, kaka."

Injini ikawaka.

Njia nzima Bhoke alimbana kiuno akilia, naye hakuthubutu kukumbuka ni nani anayelia, pikipiki isije ikazimika.