Gwatidzo Haondoki Kimyakimya

Mwenye kofia ya marehemu alitoka jikoni, ambako jeneza lilikuwa limewekwa, akichechemea vilevile alivyochechemea marehemu, gitaa la marehemu begani. Watu waliokuwa wanalia uwanjani wakaangua kicheko.

"Nasikia nimekufa!" alisema kwa sauti ya mikwaruzo, Gwatidzo mtupu. "Nani kasema? Na mbona chai yangu haijaja?"

Koti lilimfika magotini. Kofia ilimfunika hadi kwenye nyusi, na juu ya mdomo alikuwa amejichora masharubu ya masizi.

"Shuvai huyo!" wanawake wakapiga vigelegele. "Shuvai atatuvunja mbavu!"

Siku ya msiba ni siku ya varoora, wanawake walioolewa katika ukoo. Huvaa nguo za marehemu, humwigiza, humtania mpaka kaburini, na hakuna mkubwa mwenye ruhusa ya kuwakemea. Na kwa utani, Shuvai hakuwa na mpinzani kijiji kizima.

Baba mkwe wake hakucheka. Baba Zvenyika alikuwa kaka mkubwa wa marehemu na mzee wa kanisa, na ndiye aliyeagiza mdogo wake azikwe kwa nyimbo za kanisa tu, gitaa lisiguswe. Gwatidzo alikuwa amemaliza ujana na utu uzima kwenye vilabu vya pombe. Basi angalau aondoke kwa heshima. Kwaya ilikuwa imekwisha kuanza wimbo wa kumuaga, polepole mno, kila neno likiburutwa kama gunia la mahindi. Ugomvi wa siku ile ulikuwa huo: Gwatidzo atatoka nyumbani kwake kwa mwendo wa nani?

Mwenye kofia akasikiliza kidogo.

"Kaka," akamwambia Baba Zvenyika, "mnanizika au mnanibembeleza nilale?"

Kisha akaanza kupiga.

Hakubadili neno hata moja la wimbo. Alilaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi, zikaacha kulia kwa kuvuta, zikawa zinadunda kavukavu kama mbira, ala ya vijiti vya chuma ya kuita wahenga. Kidole gumba kikatembea kwenye nyuzi nene. Zile nyembamba zikakijibu mbiombio. Kwaya ilijaribu kuburuta. Gitaa likakataa katakata. Ubeti wa pili haujaisha, bibi mmoja wa kwaya alikuwa anatikisa bega, na ulipofika wa tatu vumbi lilikuwa linatimka. Maneno yalikuwa yaleyale ya kuaga, lakini sasa yalisikika kama ya mtu anayeondoka kichwa juu, asiyemwomba yeyote msamaha.

"Shuvai kajifunza lini?" aliuliza mzee mmoja. "Gwatidzo hakuwahi kumwachia mtu gitaa hilo nje ya nyumba yake."

"Basi, mkwe wangu," Baba Zvenyika alisema, akijikaza asikemee. "Unamwaibisha mdogo wangu mbele ya mchungaji."

"Mdogo wako si ndiye mimi? Mbona sijaona aibu yoyote?"

Uwanja mzima ukacheka. Masharubu ya masizi yalikuwa yanachuruzika hadi kidevuni. Jasho hilo, watu walisema, na jua nalo lilikuwa kali.

Baba Zvenyika alibakiwa na njia moja tu. Mjane akisema inatosha, hata varoora hunyamaza. Desturi ilimtaka Mai Rumbidzai, mke wa Gwatidzo, akae kando ya jeneza amejifunika blanketi gubigubi, asitoke wala asipaze sauti mpaka mumewe azikwe. Kelele zile lazima zilikuwa zinamchoma moyo, maskini.

Kwenye mlango wa jiko alisimama Tete Rwadzai, dada yake na wa marehemu.

"Mwache mjane," alisema. "Ana yake ya kumtosha."

"Ndiyo maana nakwenda kwake," akamjibu, akampita.

Ndani, wanawake walimpisha. Kando ya jeneza blanketi jeusi lilikuwa limejikunja, likitetemeka. Roho ilimuuma Baba Zvenyika. Akachutama.

"Pole, Mai Rumbidzai. Najua unavyoumia. Wewe sema neno moja tu, nami nitawanyamazisha wote."

Nje gitaa lilipanda, na watu wakaimba kwa sauti moja, kwaya na walevi pamoja.

Akainua pembe ya blanketi.

Shuvai akajifuta machozi haraka, akampigia makofi ya adabu.

"Mai Rumbidzai yuko uwanjani, baba. Neno lake ndilo hilo unalolisikia."